Wakazi wa Jengo, Upanga: Moto wa Holi

*Jumatatu, 10 Machi 2025*

Mama Hetal 3B (07:04): Jai Shri Krishna, asalaam aleikum, habari za asubuhi nyote. Alhamisi usiku tunawasha moto wa sikukuu yetu ya Holi uani. Ijumaa tarehe 14 ni Dhuleti, siku ya rangi. Mchango elfu 20 kila nyumba: kuni, nazi, tende, dengu za kukaanga, bisi za mtama. Naomba majibu leo.

Mama Hetal 3B (12:40): Naona mmesoma. Majibu yako wapi jamani?

Jay 4A (12:58): Mimi nipo! Bastola za maji ninazo tatu 😂

Kiritbhai 1A (13:20): Ijumaa ni kazi, mama. Dukani atakaa nani? Rangi tuipeleke Jumapili.

Mama Hetal 3B (13:22): Kiritbhai, mwezi mpevu wa Phalgun haungoji Jumapili. Wazazi wetu nao walikuwa na maduka.

Neema 2C (13:41): Samahani nauliza tu. Safari hii tangi la maji analinda nani?

Mama Zuhura 2A (14:05): Afadhali umelisema wewe Neema. Holi iliyopita rangi iliingia tangini, tukanunua maji ya madumu siku tatu. Na kanzu ya Baba Zuhura mpaka leo ina uwaridi shingoni.

Jay 4A (14:06): Si imempendeza lakini anti 😂😂

Mama Zuhura 2A (14:06): Jay, sitanii.

Mama Hetal 3B (14:10): Hilo tulilimaliza kwenye kikao.

Mama Zuhura 2A (14:11): Mlilimaliza ninyi. Mimi sikuitwa.

Neema 2C (14:30): Noah nyeupe iliyoziba geti ni ya nani??

*Jumanne, 11 Machi*

Mama Hetal 3B (08:15): Nimeongea na pujari, kuhani wa hekaluni. Alhamisi kuna Bhadra, muda wa mkosi, mpaka karibu saa 3 usiku, kabla ya hapo moto hauwashwi. Kwa hiyo saa 3 kamili wote mko chini. Mchango nimepata nyumba mbili tu!

Mzee Salum 2A (09:02): Mama Hetal, saa hiyo ndiyo tunatoka tarawehe. Uani patakuwa na magari yetu. Na kama ni moshi wa matairi tena, nina pumu.

Mama Hetal 3B (09:05): Hakuna tairi mzee wangu, ni kuni tupu na samadi kavu ya ng'ombe.

Jay 4A (09:07): Kuni tuvunje kile kitanda cha Kiritbhai kiko ngazini tangu nizaliwe

Kiritbhai 1A (09:30): Kile ni mninga. Usikiguse.

Neema 2C (09:31): 😂😂😂

Mama Hetal 3B (09:33): Jamani pumu ya mzee! Tujibu hilo kwanza. Na mchango!

Jay 4A (18:52): Ba, bibi yetu, amesomewa kikundi chote. Kasema niandike neno kwa neno, nisipunguze:

"Kwetu Porbandar, mtoto aliyezaliwa mwaka ule alibebwa akazungushwa moto, Holi yake ya kwanza. Mama zetu walishinda na njaa, wakauzunguka moto wakimwaga maji, wakatia nazi na bisi ndani. Holika alikaa motoni akimpakata mtoto Prahlad, akijua yeye haungui. Akaungua yeye, mtoto akatoka mzima. Hiyo ndiyo Holi. Rangi ilikuja asubuhi: maua ya kesudo yaliyolowekwa usiku kucha, maji yamekuwa ya machungwa. Mdogo aliinama akagusa miguu ya mkubwa, ndipo akampaka gulali, unga wa rangi, shavuni. Asiyetaka haguswi. Na kinyongo kilitupwa kwenye ule moto. Mama Zuhura hajaombwa radhi. Mpaka aombwe, nazi yangu sitoi."

Mama Hetal 3B (19:40): Nimesikia Ba.

Mama Hetal 3B (19:41): Mama Zuhura, nitagonga mlango wako usiku huu ukiniruhusu. Jay tunakuja wote, na bastola zako uziache nyumbani.

Jay 4A (19:44): Sawa. Shikamoo anti.

Mama Zuhura 2A (21:48): Marahaba. Nilikuwa kwenye sala. Njooni. Ba mpeni salamu zangu, mwambieni tende za Alhamisi natoa mimi, zipo nyingi mwezi huu. Ila tangi lipigwe kufuli.

Kiritbhai 1A (21:55): Kufuli natoa dukani kwangu.

Mzee Salum 2A (22:01): Na moto ukae upande wa ukuta wa nyuma, mbali na madirisha yetu.

Mama Hetal 3B (22:03): Nyuma kuna waya za umeme mzee. Kesho asubuhi tushuke tupaangalie pamoja.

Kiritbhai 1A (22:04): Na rangi je? Ijumaa au Jumapili?

Mama Hetal 3B (22:04): Ijumaa.

Neema 2C (22:06): Jumapili 🙏

Kiritbhai 1A (22:06): Jumapili.

Mama Hetal 3B (22:19): Nitamuuliza Ba akiamka. Waliolipa ni 3B, 4A na 1A. Wengine nawasubiri.