Tangazo la "Uongozi hautahusika na upotevu" linatukinga kiasi gani?

MenejaZamu aliuliza:

Habari wakuu. Nasimamia hoteli ya vyumba 38 yenye mgahawa ulio wazi pia kwa wateja wasiolala hotelini. Mwenye mali anataka tuchapishe matangazo matatu na tuyabandike: (1) ndani ya vyumba, "Uongozi hautahusika na mali itakayopotea", (2) kwenye menyu, "Hatuwezi kuhakikisha chakula hakina vitu vinavyosababisha aleji", (3) mlangoni, "Unaingia kwa hatari yako mwenyewe", kwa ajili ya wanaoteleza sakafuni. Anaamini tukishabandika tumemaliza. Mimi nina wasiwasi. Naomba wenye uzoefu wa sheria, jiko na bima waseme kila tangazo lina uzito gani, na nini kifanyike zaidi ya karatasi.

---

WakiliWaJioni alijibu:

Mkuu, wasiwasi wako ni wa haki. Naanza na tangazo la chumbani, maana ndilo dhaifu kuliko yote.

Mkataba wa malazi hufungwa mapokezini, mgeni anapokubali bei na kupewa chumba, au hata mapema zaidi anapothibitisha nafasi kwa mtandao. Sharti analolikuta nyuma ya mlango baada ya hapo limechelewa. Jambo hili liliamuliwa Uingereza mwaka 1949 katika kesi ya Olley dhidi ya Marlborough Court, na nchi zinazofuata mfumo wa sheria wa Kiingereza hulirejea hadi leo. Mgeni aliacha ufunguo mapokezini, mtu mwingine akauchukua, akaingia chumbani na kuiba makoti ya manyoya. Hoteli ikaegemea tangazo la chumbani. Mahakama ikalikataa kwa sababu mgeni aliliona baada ya mkataba kufungwa. Angalia pia chanzo cha wizi wenyewe: ufunguo ulining'inia mahali ambapo yeyote angeweza kuufikia. Hata tangazo lingewahi, uzembe huo ungebaki mezani.

Dhima (wajibu wa kulipa) ya mwenye nyumba ya wageni kwa mali ya mgeni ina asili katika sheria za Kirumi, nayo ni kali: mara nyingi mgeni hahitaji kuthibitisha uzembe, inatosha kwamba mali ililetwa hotelini na ikapotea. Ndiyo maana nchi nyingi zimetunga sheria inayoweka kikomo cha fidia, lakini kikomo hicho huja na masharti. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1956, kwa mfano, humpa mwenye hoteli kikomo ikiwa tu tangazo lenye maneno ya sheria yenyewe limebandikwa panapoonekana, karibu na mapokezi au mlango mkuu. Kikomo hicho hupotea ikiwa mali ilipotea kwa kosa la hoteli au mfanyakazi wake, au ikiwa mgeni aliikabidhi kwa uhifadhi, au alitaka kuikabidhi akakataliwa. Kwa hiyo tafuta sheria ya nchi yako, nakili maneno yake neno kwa neno, na ubandike inapoagiza. Maneno ya kujitungia hayakupi kinga hiyo.

Kwa mteja wa mgahawa asiyelala, hesabu ni nyingine. Hapo swali ni kama mlipokea mali mikononi mwenu. Mteja akitundika koti mwenyewe, ni lake. Mhudumu akilichukua na kulitundika, mmekuwa watunzaji. Mwaka 1894 mahakama ya Uingereza iliona hivyo hata ingawa mhudumu alilichukua bila kuombwa. Gari ni vivyo hivyo: akiegesha na kuondoka na ufunguo wake, mara nyingi mmempa nafasi tu. Mkishika ufunguo, mmeshika gari. Mfundishe mhudumu asipokee mkoba, simu ya kuchaji wala koti pasipo namba na daftari.

Tangazo la tatu, la "hatari yako mwenyewe", halina kazi kwa majeraha. Uingereza tangu 1977 sheria inakataza biashara kujivua kwa tangazo dhima ya kifo au jeraha lililotokana na uzembe wake, na nchi nyingi zina katazo kama hilo. Ubaya wake mwingine ni kwamba linasomeka kama ungamo kuwa mlijua sakafu ni hatari mkaiacha.

Na funguo, mkuu, zipewe umuhimu kuliko karatasi zote. Namba ya chumba isitajwe kwa sauti mapokezini. Iandikwe kwenye bahasha ya kadi ya kufungulia mlango. Kadi mpya isitolewe kwa mtu anayetaja jina na namba tu, aonyeshe kitambulisho, hata akisema ni mume au mke wa mgeni. Kadi kuu zihesabiwe kila zamu na kusainiwa. Ikipotea moja, milango ibadilishwe msimbo siku hiyohiyo.

---

JikoSafi alijibu:

Nachangia la menyu tu, kwa sababu hapa mtu anaweza kufa akiwa mezani.

Sentensi ya "hatuwezi kuhakikisha" haina ubaya ikiwa ni ya kweli na inafuatwa na taarifa. Ikibaki peke yake haitoshi. Umoja wa Ulaya, kwa kanuni namba 1169 ya mwaka 2011, hutaka mteja aweze kupata taarifa za vitu 14, na vyakula visivyofungwa vimo: nafaka zenye gluteni, krasteshia (kama kamba na kaa), moluska (kama chaza na ngisi), samaki, mayai, maziwa, karanga, njugu za miti kama lozi na korosho, soya, ufuta, haradali, seleri, lupini (jamii ya kunde) na salfaiti (kemikali ya kuhifadhi chakula). Marekani ina orodha ya vitu 9, na ufuta uliongezwa kuanzia Januari 2023. Hata kama nchi yako haina orodha, tumia ile ya 14. Ni kazi ya siku mbili: kila chakula mstari mmoja, kila kitu safu moja, alama inapohusika. Ugumu uko kwenye kuitunza. Mnunuzi anabadilisha chapa ya mchuzi kwa sababu ile ya kawaida imeisha, na hii mpya ina soya au haradali. Lebo isomwe kila mzigo unapopokelewa, na bidhaa mbadala isiingie stoo kabla mpishi mkuu hajarekebisha jedwali.

Makosa ninayoyaona yakirudiwa ni haya. Mhudumu anajibu "haina" kwa kukisia. Jibu litoke kwa mtu mmoja aliyeteuliwa kila zamu, na kama hana uhakika aseme "hatuwezi kukuandalia hiki salama". Mteja aliyenyimwa chakula atanung'unika, lakini atarudi nyumbani. Kosa la pili ni mafuta ya kukaangia. Viazi havina gluteni wala samaki, ila mafuta yaliyokaanga samaki wa unga yanavyo vyote viwili, na moto hauondoi hatari, kwa kuwa protini za aleji nyingi hustahimili joto la kupikia. La tatu ni sanitaiza ya mikono: inaua vijidudu, protini ya karanga inaibakiza palepale. Maji na sabuni ndiyo yanayoiondoa, mikononi na kwenye ubao. La nne ni kubanduabandua: sahani imetoka na lozi juu, jiko linaziokota na kuirudisha. Itupwe, ianzwe upya kwa vyombo safi.

Oda ya aleji iandikwe kwenye tiketi kwa herufi kubwa, isomwe kwa sauti jikoni, ifunikwe, na ibebwe peke yake hadi mezani na mtu anayeitaja: "hii ndiyo isiyo na maziwa". Isichanganywe kwenye trei na nyingine.

Mteja akianza kuvimba midomo au kukosa pumzi, ita gari la wagonjwa mara moja na useme "anafilaksia", yaani aleji kali inayoweza kuua. Alale chali, miguu juu. Akishindwa kupumua akae, miguu ikiwa imenyooshwa. Asisimamishwe wala kutembezwa chooni, presha inaweza kushuka ghafla. Kama ana sindano yake ya adrenalini, itumike mara moja pajani, hata kabla ya kupiga simu, na ya pili baada ya dakika 5 ikiwa hapati nafuu.

Kuhusu malalamiko ya kuumwa tumbo: msibishane kwenye simu, lakini chukueni saa. Sumu ya bakteria wa stafilokoka huanza kati ya nusu saa na saa 8, bakteria wa Salmonela kwa kawaida kati ya saa 6 na 72. Anayetapika dakika chache tu baada ya chakula chenu huenda ugonjwa aliupata mahali pengine, na huwezi kulionyesha hilo kama hukuandika alikula saa ngapi na aliumwa saa ngapi. Muulize alichokula siku 3 zilizopita, na nani mwingine mezani ameumwa. Kwa karamu, hifadhini sampuli ya kila chakula, gramu 100 hadi 150, kwenye chombo safi chenye tarehe, kwa baridi, saa 72.

Daftari la joto liwe la kweli: baridi isizidi nyuzi 5, cha moto kisishuke chini ya 60, na kinachopozwa kifike 21 ndani ya saa 2, kisha 5 ndani ya saa 4 nyingine. Sufuria kubwa ya wali haiwezi kufika huko, hata kwenye friji. Imwage kwenye trei za kina cha sentimita 5. Wali unaobaki nje huotesha bakteria wa Bacillus cereus, na sumu yake ya kutapisha haiharibiwi na kupasha moto.

---

BintiMadai alijibu:

Nakubaliana na wote wawili. Nashughulikia madai upande wa bima, kwa hiyo niseme la kuteleza, ambalo ndilo linalokuja mara nyingi.

Mahakama hutazama mambo mawili: maji yalikaa sakafuni muda gani, na mlikuwa na utaratibu gani wa kuyagundua. Kwa hiyo karatasi yenye thamani ni ile ya ukaguzi. Mtu fulani, saa fulani, alipita eneo fulani, akakuta nini, akafanya nini. Nikiona karatasi ya mwezi mzima imejazwa alama kwa kalamu moja, kila siku saa 2:00, 3:00, 4:00 kamili, najua ilijazwa kwa mkupuo, na wakili wa mteja atajua pia. Ukaguzi sita wa kweli unawafaa kuliko ishirini na nne wa kubuni.

Picha za kamera huandikwa juu ya zile za zamani zenyewe, mifumo mingi ndani ya siku 7 hadi 30. Dai linaweza kuja baada ya miezi. Siku ya tukio, hifadhini kuanzia saa nzima kabla hadi saa nzima baada ya mtu kuanguka. Wengi hukata dakika mbili tu za anguko, wakati ile saa ya kabla ndiyo inayoonyesha kinywaji kilimwagika lini na mfagiaji alipita lini. Msipoihifadhi, mtaulizwa kwa nini ilifutwa.

Taarifa ya tukio iwe na ukweli mtupu: mahali kamili, saa, mwanga, hali ya sakafu, viatu alivyovaa (pigeni picha na soli, akiruhusu), mashahidi na namba zao. Isiwe na "alikuwa mzembe" wala "ni kosa letu". Huduma ya kwanza, pole, gari la kumpeleka hospitali, toeni bila kusita, utu kwanza. Ahadi ya kulipa gharama zote ndiyo isitolewe kabla ya kuwasiliana na bima, kwa kuwa sera nyingi za bima zinakataza kukiri dhima bila idhini yao. Na toeni taarifa kwa bima hata kama mgeni amesema "sijaumia". Kuchelewa kutoa taarifa kunawapa sababu ya kukataa kulipa.

Sakafu yenyewe: sabuni ikizidi kipimo huacha utando, na vigae vinateleza hata vikikauka. Mopu iliyolowa sana huacha maji dakika nyingi, kamueni vizuri au kausheni kwa mopu ya pili. Kibao cha "sakafu imelowa" kiondolewe ikikauka. Kikisimama siku nzima watu huacha kukiona. Mkinunua vigae, ulizeni thamani ya jaribio la penduli (kipimo cha utelezi) ikiwa vimelowa. Uingereza, 36 na kuendelea huhesabiwa kuwa hatari ndogo.

---

WakiliWaJioni aliongeza:

Nyongeza moja kwa BintiMadai: sera ya bima ya moto isomwe kabla ya janga. Nyingi zina sharti la kusafisha dohani na bomba la moshi la jiko, na cheti cha fundi. Kiwango kinachotumika Marekani hutaka ukaguzi kila mwezi kwa majiko ya kuni au mkaa, kila miezi 3 kwa jiko lenye kazi nzito, kila miezi 6 kwa ya wastani. Kusugua kofia ya kuvuta moshi inayoonekana juu ya jiko na kuacha grisi ndani ya bomba hakutimizi sharti. Na milango ya moto isizuiwe wazi kwa kabari. Moto wa MGM Grand mjini Las Vegas, Novemba 1980, ulianzia eneo la mgahawa ghorofa ya chini na kuua watu 85. Wengi walikuwa ghorofa za juu, na kilichowaua ni moshi.

---

MenejaZamu alijibu:

Asanteni sana wakuu. Nimeshazuia uchapishaji wa tangazo la kwanza na la tatu. Swali la mwisho: sefu ndogo za chumbani, tukimpa mgeni, tunahesabiwa tumepokea amana?

---

WakiliWaJioni alijibu:

Kwa kawaida hapana, maana hamkuipokea mali wala hamjui kilichomo. Amana ni ile mliyoikabidhiwa mapokezini kwa stakabadhi: bahasha imefungwa mbele ya mgeni, imesainiwa juu ya mkunjo, na daftari limeandika "bahasha moja iliyofungwa", bila kukisia thamani. Lakini sefu nazo hufunguka kwa msimbo mkuu wa kiwandani, na hoteli nyingi hazijawahi kuubadilisha. Mtume fundi leo ajaribu 000000, 999999 na 123456 kwenye sefu zote 38. Itakayofunguka, badilisheni msimbo kabla ya mgeni mwingine kuingia, na mwandike nani anaujua mpya.