Ligi ya ukoo: kanuni zipite kabla ya Ijumaa

*Jumatano, 13 Agosti 2025*

Neema, 19:02
Shikamooni wakubwa wote. Wadogo, habari za jioni. Ligi yetu ya FPL, ule mchezo wa simu wa kupanga timu ya wachezaji wa kweli wa Ligi ya Uingereza na kuvuna pointi wanavyocheza, inarudi. Ligi ya Uingereza inaanza keshokutwa, Liverpool na Bournemouth. Mlango wa kupanga timu unafungwa dakika 90 kabla, yaani Ijumaa saa 2:30 usiku kwa saa zetu. Naomba safari hii tukubaliane kanuni kwanza, ndipo nitume msimbo wa kujiunga. Msimu uliopita tulianza 13. Kufika Februari waliokuwa bado wanagusa timu zao walikuwa watano. Iliniuma.

Baba Mkubwa, 19:06
Marahaba mwanangu. Nasoma taratibu, endeleeni.

Mama Mdogo Pasua, 19:09
Mimi nina la moyoni. Mwaka jana mimi na Godi tulilingana pointi, jedwali likamweka yeye juu, akapewa ushindi. Hakuna aliyenieleza kwa nini. Nilinyamaza, lakini nilijiona nimeonewa.

Neema, 19:11
Pole Mamdogo. Mkilingana, jedwali linampandisha aliyefanya usajili mchache. Wewe kila wiki ulikuwa unabadilisha mtu. Kanuni ilikuwepo, ila mimi admini sikuwaambia. Nisamehe.

Godi, 19:12
Mamdogo hata mimi nisamehe, nilipokea tu bila kuuliza.

Mama Mdogo Pasua, 19:12
Yameisha wanangu. Iandikwe tu.

Baba Mkubwa, 19:15
Iandikwe hivi: wakilingana, wanagawana. Jedwali litusaidie kuhesabu, kuamua tutaamua wenyewe.

Shemeji Juma (Sakina), 19:20
Habarini shemeji zangu. Kuna Fantrax, mtandao mwingine wa mchezo kama huu, pale mnapanga pointi mnavyotaka wenyewe. Halafu kuna mtindo wa kuchagua kwa zamu, mchezaji akishachukuliwa na mmoja basi wengine hawampati. Si kama sasa watu 13 wote tuna Haaland.

Neema, 19:23
Shemeji ni kweli, na hata wenyewe FPL wana mchezo wa zamu, timu 2 hadi 16. Ila ule unataka wote tuwe hewani saa moja, kila mtu achague ndani ya sekunde zake. Mamdogo saa hizo anafunga meza Mbuyuni, Arusha umeme umekatika, mwingine bando limeisha. Mashine itamchagulia asiowataka, na msimu mzima atakuwa na kinyongo. Tubaki na ligi ya kawaida.

Shemeji Juma (Sakina), 19:24
Hapo umesema. Nakubali.

Baba Mkubwa, 19:27
Na pointi je? Nilidaka goli miaka mingi pale Majengo. Mchezo huu unawaenzi wafungaji tu.

Godi, 19:31
Baba Mkubwa, msimu huu kuna jipya. Beki akifikisha mara 10 za kuokoa, kuzuia mashuti, kunasa pasi na kupokonya mpira, anapata pointi 2 hata timu yake ikifungwa. Kiungo na mshambuliaji wanatakiwa 12, ila wao wanahesabiwa pia mipira waliyoirudisha kwa timu yao. Beki akifunga ni 6, kiungo 5, mshambuliaji 4. Kipa akifunga ni 10.

Baba Mkubwa, 19:32
Kipa kudaka?

Godi, 19:33
Kila mara 3 anazookoa ni pointi 1. Penalti akidaka 5. Klinishiti, yaani timu isipofungwa, 4, sawa na beki.

Baba Mkubwa, 19:34
Afadhali.

Neema, 19:40
Pointi hizo hatuwezi kuzigusa, zinatoka kwao. Tunachoweza ni namna ya kumpata mshindi, na hapa naomba mnisikilize. Watu wanaacha kwa sababu wakishapitwa pointi 150 mwezi wa kumi na moja hawaoni tena sababu ya kufungua simu. Nataka tukate msimu mara mbili. Nusu ya kwanza iishe wiki ya 17, maana hiyo inachezwa kabla tu ya Krismasi na wote tutakuwa kihambani Kibosho. Kisha nafungua ligi ya pili, timu zilezile, na unapoifungua unachagua ianze kuhesabu wiki gani. Nitaweka wiki ya 18. Wote tunaanza sifuri.

Lilian, 19:42
Dada hii nzuri sana. Mimi niliacha Januari kwa sababu hiyohiyo.

Godi, 19:45
Swali. Karata za kwanza, zile nyongeza za kutumia mara moja moja kama pointi za kepteni kuhesabiwa mara tatu, mwisho wake ni wiki ya 19, baada ya hapo tunapewa nyingine. Si bora nusu iishe 19? Mtu akibakiza karata mbili hadi 18 atazitumia ligi ya pili.

Neema, 19:47
Niliwaza hilo. Wiki ya 19 inaangukia 30 Desemba. Shemeji atakuwa ameshageuza Arusha, wa Dar wako njiani. Ndafu tutamchomea nani?

Baba Mkubwa, 19:50
Watu hawaji Kibosho kwa ajili ya karata. Wiki ya 17. Mwenye kuzibakiza azibakize, kila mtu anayo ruhusa hiyo.

Godi, 19:50
Sawa Baba Mkubwa.

Mama Mdogo Pasua, 19:53
Mchango?

Neema, 19:55
10,000 kila mmoja, 130,000 yote ya mbuzi. Hakuna fedha mkononi kwa mshindi. Mshindi ndiye anayekata ndafu na kugawa.

Baba Mkubwa, 19:56
Ikipungua naongeza.

Neema, 19:58
Asante sana. La mwisho, saa. Wiki ikianza na mechi ya Jumamosi mchana, sasa hivi mlango unafungwa saa 7 mchana kwetu. Uingereza wakirudisha saa zao 26 Oktoba, itakuwa saa 8. Nitakumbusha hapa kila Ijumaa jioni.

Lilian, 20:10
Niko na Baba Mkubwa, namsaidia kupanga. Anataka Salah na Haaland wote wawili.

Godi, 20:11
Bei ya Salah 14.5, Haaland 14. Katika bajeti ya 100 ya kununua wachezaji 15 zinabaki 71.5 za watu 13, kila mmoja 5.5. Atateseka.

Lilian, 20:14
Amemwacha Salah. Sasa ameweka mabeki watatu wa Arsenal na Raya golini.

Neema, 20:15
Haitakubali mdogo wangu. Klabu moja wachezaji 3 tu.

Lilian, 20:17
Nimemwambia. Anasema toa beki mmoja, kipa hatoki.