Nibadilishe bunduki ya .30-06 ya marehemu baba nichukue kaliba ya masafa marefu?

MwanaIsevya
Habari zenu wadau. Niko Tabora mjini. Marehemu baba aliniachia bunduki ya kaliba (saizi ya risasi) .30-06, ya bolti, mbao ya kitako imechakaa ila mtutu mzima. Umiliki umeshahamishiwa jina langu polisi. Sasa binamu yangu yuko Marekani, ananitumia video za wanavyowinda kulungu wa kule, wale wenye pembe za matawi, kwa 6.5 Creedmoor. Mita 500, 600, mnyama anadondoka palepale. Anasema niuze ya mzee ninunue hiyo. Msimu huu nataka kuomba leseni ya swala pala na kongoni. Kwa pori letu, nibadilishe?

KijanaWaNzega
Badilisha kaka. Creedmoor imetoka 2007 na waliitengeneza kwa ajili ya shabaha za mbali. Risasi nyembamba, ndefu, upepo hauisukumi sana. Halafu haikupigi bega. .30-06 ni ya mwaka 1906, ilibuniwa kwa ajili ya jeshi. Mimi natumia .308, na ningekuwa na hela ningeshaiacha.

BabuSikonge
Mwanangu wa Isevya, pole kwa kufiwa na mzee, hata kama ni zamani. Usiuze.

Nina mizinga ya nyuki porini huku Sikonge miaka mingi. Nikienda kurina huwa nahesabu hatua, kutoka mti wenye mzinga hadi pale ninapoweza kumwona mnyama mzima, kichwa hadi mkia. Mara chache zinapita hatua 120. Julai nyasi bado ziko kifuani. Septemba, moto ukishapita na miti ya mitundu imepukutisha majani, labda 150. Ukitaka mita 300 lazima utoke mbugani, kwenye udongo mweusi, na huko kongoni anakuona kabla hujapiga goti. Hiyo mita 600 ya binamu yako utaipatia wapi?

Kijana wa Nzega hajakosea kuhusu upepo. Lakini bunduki zote mbili ukizirekebisha zigonge katikati kwa mita 200, zikifika 300 zinashuka karibu sawa. Ya baba yako, kwa risasi ya greni 180 (greni ni kipimo cha uzito wa risasi), itashuka kama sentimita 25. Ikifika 400 ni 70 na ushee. Upepo wa wastani ukivuma kutoka ubavuni, kwa mita hizo 400 unaisogeza sentimita 30 hadi 40. Sasa pima sehemu ya moyo na mapafu ya swala pala: ni kama kisahani cha chai. Na risasi yenyewe inatumia zaidi ya nusu sekunde kufika. Mnyama akipiga hatua moja tu, umempiga tumbo.

Naliandika hili kwa sababu limenikuta. Nilikuwa na .270 ya kuazima kwa ndugu aliyekuwa na kibali, tukiwa pamoja, kwenye mbuga upande wa Ipole. Kongoni dume amesimama kwenye kichuguu. Nikajiambia ni mita 250. Baadaye nilipohesabu hatua zilikuwa 370. Alijikunja, akaondoka na wenzake. Tulifuata damu tangu saa nne asubuhi, ya kijani kijani, yenye majani ya tumboni, hadi giza likatufukuza. Asubuhi tulikuta fisi wameshamaliza, limebaki fuvu na ngozi ya mguu. Yule mnyama aliteseka usiku mzima kwa ajili yangu. Tangu siku hiyo sipigi kitu kilichozidi mita 200, awe dume la namna gani.

Kwa hiyo kaliba uliyonayo inatosha swala pala, kongoni, hata palahala. Nyati usiifikirie kabisa, yule anaanzia .375. Fedha ya kununua bunduki mpya nunulia risasi za mazoezi, na ukate fito tatu uzifunge juu kwa mpira wa baiskeli, uegemeze mtutu. Hizo fito zitakusaidia kuliko Creedmoor. Na risasi za .30-06 mimi sijawahi kuhangaika kuzipata. Mwenzangu mwenye kaliba ngeni alikaa msimu mzima na bunduki iliyofungwa kabatini.

Hakikisha kitalu kilichoandikwa kwenye leseni ya TAWA, mamlaka ya wanyamapori. Ugalla ni Hifadhi ya Taifa tangu 2019, humo hakuna kuwinda. Na usifyatue kutoka ndani ya gari, sheria inakataza.

KijanaWaNzega
Mzee nimekuelewa. Ila hilo la bega usilipuuze. Mtu anayeogopa teke la bunduki anafumba macho kabla ya kuvuta, na .30-06 inapiga kuliko Creedmoor.

BabuSikonge
Hapo umesema kweli, sikubishii. Kama mwanetu ana mwili mdogo, achukue mfuko wa mchanga auweke begani wakati wa mazoezi. Porini hatalisikia, damu inakuwa imechemka.

MwanaIsevya
Shikamoo babu. Asante sana, siuzi. Nimefungua sanduku la mzee, kuna risasi 14 za greni 150, na pakiti moja nzima ya 180. Nitumie zipi?

BabuSikonge
Marahaba. Swala pala hata 150 inamtosha, kongoni mpe 180. Lakini usichanganye. Kila uzito unatua mahali pake, ukirekebisha darubini kwa 150 ukaenda na 180 utashangaa. Chagua 180 ubaki nazo. Anza mita 100, zitue sentimita 5 au 6 juu ya alama, ndipo usogee 200. Tatu hapa, tatu kule, ukiwa umekaa chini, siyo juu ya meza. Hizo 14 za zamani angalia kwanza kama maganda yana kutu ya kijani. Yenye kutu usiitie chemba.

MwanaIsevya
Nne zina kutu. Nimezitenga. Jumamosi naenda kupiga sita za 180, tatu kwa mita 100 na tatu kwa 200.

BabuSikonge
Piga asubuhi, upepo haujaamka. Chora zilipotua kwenye karatasi, uniwekee picha hapa.