Wenye ghorofa za pamoja Kigoma: kupiga plasta nyufa SIYO kuimarisha jengo!

Wakuu, usipoziba ufa utajenga ukuta, sawa. Lakini mhenga alikuwa anazungumzia ukuta wake mwenyewe. Hakuwa anazungumzia ghorofa nne zenye wamiliki kumi, kila mmoja na hati yake, na chini fremu za maduka.

Kila ardhi ikitikisika mchezo ni ule ule. Group la WhatsApp linachachamaa usiku kucha. Asubuhi mwenyekiti anatangaza mchango, kila mlango kiasi sawa. Fundi maiko anakuja na ndoo, nyufa zinafukiwa, rangi inapigwa, picha zinatumwa: "Jengo limeimarishwa." Limeimarishwa nini? Mmenunua rangi!

Na msiniambie huku kwetu hakuna tetemeko. Ziwa Tanganyika lenyewe limekaa kwenye Bonde la Ufa. Tarehe 5 Desemba 2005 lilipiga lenye ukubwa wa 6.8 humo humo ziwani. Jirani zetu Kagera walipigwa la 5.9 tarehe 10 Septemba 2016, na waliokuwa Bukoba siku ile hawahitaji kufundishwa. Ghorofa za Kigoma bado si nyingi, ndiyo maana wakati wa kuzipanga ni huu, kabla mitaa yote ya Mwanga hapa mjini haijapanda juu.

Sasa tuelewane tatizo liko wapi, maana wengi mnaangalia ufa wakati ugonjwa uko kwenye nguzo. Jengo lenye maduka chini lina kuta chache pale chini, mbele kote ni mageti ya chuma. Juu vyumba vimejaa tofali, kwa hiyo pamekuwa pagumu. Likitikiswa, sehemu ya juu inakwenda kama sanduku moja na kuyumba kote kunaishia kwenye nguzo za maduka. Halafu mwenye fremu anabomoa ukuta wa katikati apanue duka, na nyie mnamwangalia kwa sababu "amenunua". Juu ya paa mmepandisha simtanki tatu za lita 5,000. Zikijaa hizo ni tani 15, na uzito ukikaa juu unazidisha nguvu ya mtikisiko kwenye nguzo zile zile.

Nguzo inayobeba jengo si mali yako hata ikisimama katikati ya sebule yako. Msingi, nguzo, bimu, slabu, ngazi na paa ni vya wote. Hiyo ndiyo maana ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo, Na. 16 ya 2008: una sehemu yako, na una hisa kwenye mali ya pamoja. Kwa hiyo kuimarisha nguzo ni uamuzi wa umoja wa wamiliki, mwenyekiti hawezi kuufanya peke yake na fundi wake. Kikao kiitishwe kwa taarifa ya maandishi yenye ajenda inayotaja kazi na makadirio ya gharama. Mahudhurio yasainiwe, asiyekuwepo atume mwakilishi kwa barua, kura ziandikwe kwenye muhtasari. Someni kanuni za umoja wenu KABLA ya kikao mjue kura ngapi zinatosha. Vidole gumba vya WhatsApp si kura. Mmiliki mmoja mkaidi akienda kulalamika, mkandarasi atasimama katikati ya kazi huku nguzo zimeshachokonolewa.

Wajapani wanaokaa juu ya matetemeko sheria yao ya majengo ya namna hii ni ya 1962. Kubadili sana sehemu ya pamoja kulitaka robo tatu ya kura, na kubomoa ili kujenga upya sehemu nne kwa tano. Wakaona watu wanakwama, hivyo 2013 wakalegeza: jengo likithibitishwa na mamlaka kwamba linahitaji kuimarishwa, zaidi ya nusu inatosha. Mwaka 2025 wakarekebisha tena, kuanza kutumika Aprili 2026: jengo lisilo na uimara wa kutosha linaweza kujengwa upya kwa robo tatu, na mmiliki asiyejulikana aliko mahakama inaweza kumtoa kwenye hesabu. Hizo ni sheria za kwao, msije mkazitaja kwenye kikao cha hapa kwetu Katubuka. Ninachotaka mkione ni mpangilio: kipimo kinatangulia, kura inafuata. Sisi tunaanza na mchango.

Kipimo chenyewe si kugonga ukuta kwa nyundo na kusikiliza. Tafuteni ramani za awali (nakala zilipelekwa halmashauri wakati wa kibali). Mhandisi wa miundo awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na namba yake iandikwe kwenye ripoti. Akate sampuli za zege za duara zenye kipenyo cha milimita 100 zikavunjwe maabara, atumie mashine ya kuonyesha nondo ziko wapi. Akija na nyundo ya kupima ugumu wa uso peke yake, mrudisheni: zege la zamani huwa gumu juujuu, kipimo kinadanganya.

Kazi ya kuvisha nguzo koti la zege (zege jipya lenye nondo kuzunguka nguzo ya zamani) ndiko pesa zinakoliwa. Kwanza slabu ipigiwe jeki. Plasta yote itoke hadi zege lenyewe, uso uchokonolewe uwe na makwaruzo ya kama milimita 6, uoshwe. Koti lisipungue sentimita 10 kila upande. Nondo za wima zitoboe slabu ziendelee juu, na chini ziingie kwenye msingi. Hapo ndipo wanapowaibia: koti linaishia chini ya slabu, linapendeza kwa macho, ila kwenye maungio, panapovunjika, hakuna kitu. Ringi (vyuma vinavyozunguka nondo za wima) ziwe karibu karibu, kila sentimita 10 kwenye ncha za nguzo, na mikia ikunjwe kuingia ndani ya zege, nyuzi 135. Mikia ya nyuzi 90 inafunguka zege la nje likibanduka. Biskuti (vipande vya zege vinavyotenga nondo na mbao) zisisahaulike. Kokoto ziwe ndogo zipite kati ya nondo. Mchanga wa ziwani hauna chumvi kama wa Pwani, lakini ukiwa na udongo uoshwe. Mwagilieni siku 7, siyo mbili.

Na msiimarishe nguzo za mbele peke yake kwa sababu ndizo zinazoonekana. Upande mmoja ukiwa mgumu kuliko mwingine, jengo linajisokota.

Kabla zege halijamwagwa mhandisi akague nondo na asaini, bila saini hakuna malipo. Sehemu ya malipo ibaki mkononi mwenu hadi muda wa matazamio (wa mkandarasi kurekebisha kasoro zitakazojitokeza) uishe.

—

Jibu #2: Mkuu umeongea. Ila mchango sawa kwa wote si ndiyo haki? Wote tunalala humo.

Mleta uzi: Haki gani hiyo ndugu yangu? Mchango unafuata hisa. Kazi ikiwa milioni 60, mwenye asilimia 20 analipa milioni 12, mwenye asilimia 6 analipa 3.6. Mkigawa kwa vichwa kumi, mwenye chumba kimoja anatoa milioni 6 na mwenye maduka milioni 6. Ndiyo maana mwenye maduka hapigi kelele.

Jibu #4: Sisi tumeshapiga plasta mwaka jana. Tufanyeje?

Mleta uzi: Wekeni vioo vidogo juu ya mstari wa nyufa mpya, vigandishwe pande zote mbili, mwandike tarehe. Kioo kikipasuka, ufa unatembea. Teremsheni maji kwenye matanki wiki hii hii, na mwenye fremu asiguse ukuta mwingine hadi mhandisi afike.