Msongo wa mawazo na usahaulifu wa wazee: utafiti wa panya na nyani unatufaa kwa kiasi gani?

BintiKibosho (Moshi) anauliza:

Habari zenu wanajukwaa. Mama yangu amevuka miaka 70. Alifiwa na baba, na matanga yalipoisha tu ukazuka mgogoro wa kihamba, yaani shamba la ukoo, ambao hadi leo uko barazani. Tangu wakati huo amekuwa msahaulifu kwa namna inayonitisha. Huinjika maharage, akatoka kwenda kukata majani ya ng'ombe, na harufu ya kuungua ndiyo inayotushtua sisi wengine. Anaweza kuuliza jambo lile lile mara tatu kabla chai haijapoa, ilhali majina ya wasichana aliosoma nao shule ya msingi anayataja bila kukosea.

Majirani wanasema mawazo yamemmaliza, na kwamba kesi ikiisha atarudi kuwa yule yule. Kaka yangu anasema ni uzee tu. Nimesoma kidogo habari za Robert Sapolsky, mwanasayansi wa Marekani aliyewachunguza nyani nchini Kenya, na nimeelewa kwamba msongo huharibu sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu. Je, ni kweli? Na jambo lililoonekana kwa mnyama naweza kuliamini kwa mama yangu?

MwalimuBaiolojia (Arusha) anajibu:

Pole sana dada, na umfikishie mama shikamoo yangu. Kuna mambo mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni kama msongo wa muda mrefu hudhoofisha kumbukumbu, na hilo lina ushahidi mzito. La pili ni kama msongo ndio unaozaa ugonjwa wa ubongo uzeeni, na hilo bado linabishaniwa.

Mwaka 1968 Bruce McEwen na wenzake, New York, waliwadunga panya homoni ya msongo iliyotiwa alama ya mionzi ili waone inakwenda wapi, wakaikuta imejikusanya kwa wingi katika hipokampasi, yaani ile sehemu iliyo ndani ya ubongo, usawa wa masikio, inayosajili matukio mapya. Baadaye, mwaka 1992, maabara hiyo hiyo ilieleza habari za panya waliobanwa wasiweze kugeuka kwa saa sita kila siku, siku 21 mfululizo. Seli za neva za hipokampasi yao zilikuwa zimefupisha na kupunguza matawi yanayopokea taarifa kutoka kwa seli nyingine. Naomba uzingatie kwamba matawi yalipungua lakini seli zenyewe hazikufa, na panya wa namna hiyo walipoachwa wapumzike, matawi na uwezo wao wa kukumbuka vilirudi katika muda wa wiki chache.

Huenda ukajiuliza kumbukumbu ya panya hupimwaje. Kipimo kinachotumika sana kilibuniwa na Richard Morris huko Uskoti mwanzoni mwa miaka ya 1980. Panya hutiwa katika dimbwi la duara lenye maji yaliyofanywa meupe kama maziwa, na chini kidogo ya uso wa maji kumefichwa kijukwaa asichoweza kukiona. Mara ya kwanza huogelea huku na huku mpaka akigonge kwa bahati. Akirudishwa tena na tena, huanza kutazama alama zilizo ukutani na kukiendea moja kwa moja. Panya ambaye hipokampasi yake imeharibiwa huendelea kuzunguka kama mgeni, hata kama jana alikuwa humo humo.

Sasa kuhusu Sapolsky. Alianza kuwafuata nyani wa Maasai Mara, ng'ambo tu ya Serengeti yetu, mwaka 1978. Aliwapiga sindano ya usingizi kwa kupuliza mrija, kisha akachukua damu haraka. Ilimlazimu kuwapata saa zile zile za asubuhi, na kumwacha nyani yeyote aliyekuwa mgonjwa au aliyepigana siku hiyo, kwa kuwa hofu ya dakika chache ingetosha kuvuruga kipimo. Aligundua kwamba kundi likiwa limetulia kicheo, madume wa chini, wanaosumbuliwa bila kuwa na pa kukimbilia, huwa na homoni ya msongo iliyo juu hata wakiwa wamepumzika. Katikati ya miaka ya 1980 madume wakorofi kuliko wote wa kundi moja walikufa kwa kifua kikuu walichokipata kwenye jalala la hoteli ya watalii. Waliobaki walikuwa wapole, na katika taarifa aliyoitoa mwaka 2004 pamoja na Lisa Share alionyesha kwamba madume wa chini wa kundi hilo hawakuwa tena na dalili zile za msongo. Mimi naliona hilo kuwa zito kuliko yote aliyoyaandika, kwa kuwa linaonyesha kuwa mnyama haumizwi na kuwa wa chini peke yake, bali na jinsi wenzake wanavyomtendea.

Lakini nyani walimpa damu tu. Habari za ubongo alizitoa hasa kwa panya wa maabara. Katika miaka ya 1980 alipendekeza kwamba homoni hizo zikizidi kwa miaka mingi huua seli za hipokampasi. Hesabu makini zaidi za seli zilizofanywa baadaye zilionyesha vifo vichache kuliko ilivyodhaniwa.

DaktariMifugo (Usa River) anajibu:

Ninaongezea alipoishia Mwalimu. Mwaka 1989 ilichapishwa taarifa ya tumbili waliofia kizuizini nchini Kenya, ambao wengi wao walikuwa wanyonge mbele ya wenzao. Walikutwa na vidonda vya tumbo, tezi za adrenali (zinazotoa homoni ya msongo) zilizovimba, na seli za hipokampasi zilizochakaa. Hao hawakuwa panya, hivyo taarifa hiyo ilishtua.

Hata hivyo, tusivuke haraka kutoka hapo hadi kwenye Alzheimer, ugonjwa wa ubongo unaofuta kumbukumbu za wazee polepole. Panya kwa asili hawaugui ugonjwa huo, na wale wanaotumika maabara wamepandikizwa jeni za binadamu. Mwaka 2006 watafiti wa California waliwapa panya wa namna hiyo, wakiwa bado vijana, dawa ya jamii ya homoni za msongo kwa siku saba, na protini chafu ya ugonjwa ikaongezeka katika ubongo wao. Ni ishara ya kuchukuliwa kwa uzito, lakini dawa nyingi zilizowaponya panya hao zimeshindwa kwa watu. Mnyama anayetukaribia zaidi ni mbwa mzee, ambaye hupata mabonge ya protini hiyo bila kupandikizwa chochote. Nimewaona mbwa wanaosimama upande wa bawaba wakingoja mlango ufunguke, wanaolala mchana kutwa na kubweka usiku bila sababu.

MuuguziWazee (Moshi) anajibu:

Dada, si lazima uchague kati ya majirani na kaka yako. Utafiti uliofanyika hapa kwetu Wilaya ya Hai na kuchapishwa mwaka 2013 ulikuta dimensia, yaani ugonjwa wa kupotewa na kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, kwa takriban asilimia 6.4 ya watu wa miaka 70 na zaidi. Maana yake wazee walio wengi hawana ugonjwa huo, kwa hiyo kusema "ni uzee tu" si jibu.

Huzuni nzito ya kufiwa inaweza kumfanya mzee aonekane ana dimensia, na hiyo hutibika. Vivyo hivyo upungufu wa vitamini B12, tezi ya shingo kufanya kazi pungufu, na maambukizi kadhaa. Shinikizo la damu lisilodhibitiwa nalo huleta viharusi vidogo vidogo ambavyo familia haivitambui. Kwa hiyo msingoje kesi iishe. Mpelekeni hospitali ya Mawenzi au KCMC, aende naye mtu anayeishi naye kila siku, maana yeye mwenyewe hatasimulia kuhusu maharage. Mchukue pia dawa zote anazotumia.

BintiKibosho:

Nawashukuru sana nyote. Kuhusu dawa, ana vidonge vya miguu anavyonunua mwenyewe duka la dawa muhimu. Nimesoma kijikaratasi chake, kimeandikwa prednisolone. Amevitumia muda mrefu. Vinahusiana na haya?

MuuguziWazee:

Vinahusiana sana. Prednisolone ni ya jamii ile ile ya homoni inayozungumzwa hapa, na dozi kubwa kwa muda mrefu inaweza kudhoofisha kumbukumbu, kuvuruga usingizi na kupandisha sukari na shinikizo la damu. Lakini msimwachishe ghafla nyumbani. Mwili uliozoea kuipata kwa vidonge huwa umeacha kujitengenezea homoni ya kutosha, na kukata mara moja kunaweza kumwangusha vibaya hata kuhatarisha maisha yake. Aendelee kama kawaida hadi daktari atakapopanga namna ya kupunguza kidogo kidogo, na mwende wiki hii, mkiwa na kijikaratasi hicho mkononi.