Tagi za redio kazini: kadi za getini, UHF au Bluetooth? Ghala la parachichi, Rungwe

Mtunza Stoo (Tukuyu)
Wakuu, habari za mchana. Niko stoo ya ghala la kufungashia parachichi. Msimu ukipamba moto tunakuwa watu kama sitini, kreti za plastiki zaidi ya elfu mbili, mizani, toroli, na mikasi ya kuvunia inayopotea kila wiki. Bosi anataka tagi za redio kwenye kila kitu, na kila mfanyakazi avae yake. Kaniachia mimi nilinganishe: kadi za kugusisha getini, stika za UHF zinazosomwa kwa mbali, au vidude vya Bluetooth vyenye betri. Nikishauri vibaya lawama ni yangu, kwa hiyo aliyewahi kutumia aniambie ukweli.

Fundi Redio (Uyole)
Mkuu, hivyo vitatu havifanyi kazi moja, kwa hiyo usilinganishe bei kabla hujajua unataka kuuliza nini. Kadi na stika ya UHF hazina betri. Kisomaji kinarusha mawimbi, antena ndani ya tagi inayadaka, chipu inaamka kwa nguvu hiyohiyo na kurudisha namba yake. Kadi za 125 kHz na za 13.56 MHz zinasomwa kwa sentimita chache, kama watu wanavyogusisha kadi ya nauli ya N-Card kivukoni Kigamboni. UHF inafika mita kadhaa, ukipata antena nzuri hata kumi, na inasoma tagi nyingi kwa mpigo. Bluetooth inajitangaza yenyewe kila baada ya muda mfupi, na vipokezi ukutani vinakadiria iko chumba gani. Usitegemee ikuonyeshe hadi rafu.

Shida yako kwa UHF ni maji. Mawimbi yake yanamezwa na maji na kurudishwa na chuma. Parachichi limejaa maji, na mvua ya Rungwe unaijua mwenyewe. Kreti tupu zitasomeka vizuri, zikijaa zile za katikati zitapotea. Bandika stika ukingoni kwa juu, mbali na tunda, na ujaribu na kreti zilizolowa kabla hujalipa. Mikasi na mizani zinataka tagi za kubandika kwenye chuma, zenye tabaka linaloinua antena. Stika ya kawaida ukiiweka juu ya chuma haisomeki.

Mbao Mafinga
Naongezea la kwetu. Karakana yetu iliagiza visomaji vya UHF mtandaoni, vikaja vimewekwa bendi ya Marekani, 902 hadi 928 MHz. Sehemu ya masafa hayo huku inatumiwa na simu za mkononi. Tukavirudisha, na nauli ya mzigo tukaila sisi. Kabla hujaagiza, ulizia TCRA, mamlaka ya mawasiliano, masafa yanayoruhusiwa na kama kifaa chenyewe kimeidhinishwa.

Magogo tuliacha kuyabandika. Mbao mbichi ina maji mengi, na nyundo ya chapa inatosha. Ila kwenye vifaa nimeona faida kubwa: anayechukua randa anagusisha kadi yake, kisha anagusisha randa. Jioni unajua iko kwa nani bila kumsachi mtu begi.

Binti wa Majani (Mufindi)
Kamwene. Mimi nilikuwa mchuma chai, sasa niko mizani. Kadi ya kugusisha pale mizani imetusaidia kweli. Zamani karani akikosea jina, kilo zako zinaenda kwa mwenzako na huna pa kushtaki. Sasa unagusisha, kilo unaziona kwenye kioo, unaondoka na moyo mweupe.

Lakini kaka, hiyo ya kila mtu avae tagi inayosomwa kwa mbali, naomba umkatalie bosi. Mahali nilipofanya kazi kabla ya hapa walifunga visomaji hadi kwenye korido ya choo. Dada mmoja aliitwa mbele ya kikao akaulizwa kwa nini ameenda mara nyingi. Alikuwa mjamzito na alikuwa hajamwambia hata mama yake. Ile siku sijaisahau.

Wakili Kijana (Iringa)
Pole sana dada. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na haimwachi mwajiri nje. Namba ya tagi ikishaunganishwa na jina la mtu, hizo ni taarifa binafsi. Mwajiri anatakiwa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, awaambie wafanyakazi anakusanya nini na kwa lengo gani, na asizitumie kwa lengo jingine. Ukisema ni za mahudhurio, zisigeuke kuwa za kuhesabu safari za chooni. Faragha ya mtu iko pia kwenye Katiba, ibara ya 16.

Mchimbaji (Chunya)
Sisi tagi ya mtu tunaiona tofauti kidogo. Shimo likititia, swali la kwanza ni nani yuko chini. Kwetu bado ni kibao chenye vibati vya namba: ukishuka unatundika, ukipanda unatoa. Kisomaji mdomoni mwa shimo kingefanya kazi ileile, na orodha ingekuwepo hata kibao kikifukiwa. Lakini mawimbi hayo hayapenyi mwamba. Anayekuuzia kwamba atamwona mtu popote chini bila kufunga vipokezi humo ndani, muage.

Mtunza Stoo (Tukuyu)
Ndaga fijo wote. Dada wa Mufindi, nimelisoma lako mara mbili. Bosi nitamwambia hivi: UHF kwa kreti, mlango mmoja tu wa kupakilia, na zihesabiwe zikirudi tupu. Mikasi iende kwa mtindo wa Mafinga. Watu wagusishe kadi getini na kwenye mizani, basi. Bluetooth naiacha, maana vidude elfu mbili vya kubadilishia betri nani ataviweza? Swali limebaki moja: 125 au 13.56?

Fundi Redio (Uyole)
13.56, na uulizie kadi zenye usimbaji wa kisasa. Zile za 125 za kawaida zinatoa namba wazi, mtu akiwa na kifaa cha bei ndogo anaikopi kwa dakika moja. Na kadi yoyote inathibitisha kadi tu. Mtu akija na kadi mbili mfukoni, kisomaji kitaandika wawili wamefika, kwa hiyo mlinzi aendelee kusimama hapo getini. Siku ya kujaribu kreti nistue, kisomaji cha mkononi ninacho, nitashuka nacho Tukuyu.