Je, ni haki kwa wanasiasa kuendelea kumtaja "baharia mlevi"?

Bajeti inapojadiliwa nchini Marekani, ni kawaida kusikia upande mmoja ukiushutumu mwingine kwamba unatumia fedha kama baharia mlevi. Rais Ronald Reagan alipata kusema kuwa ulinganisho huo unawaonea mabaharia walevi, kwani wao angalau hutumia fedha zao wenyewe. Waliomsikiliza walicheka. Mimi nashikilia kwamba msemo huu ni uonevu na unastahili kuachwa, kwa sababu unamtwisha mfanyakazi lawama za mwajiri wake.

Tuangalie ulikotoka. Katika karne ya 18, Jeshi la Wanamaji la Uingereza lilikuwa likimpa kila baharia takriban robo lita ya ramu, pombe kali ya miwa, kwa siku. Baharia hakuinunua kilabuni, bali alipimiwa melini kama sehemu ya posho yake ya chakula. Mwaka 1740 Admeri Edward Vernon aliona madhara yake, akaamuru ichanganywe na maji na kugawiwa mara mbili kwa siku, lakini ugawaji wenyewe haukukoma hadi tarehe 31 Julai 1970. Wakati huohuo mishahara ilicheleweshwa makusudi kwa miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka, ili mabaharia, ambao wengi wao walikamatwa na kulazimishwa kuingia jeshini, wasitoroke. Malipo yalipotolewa kwa mkupuo katika bandari za Portsmouth au Plymouth, wenye vilabu na wadai walikuwa wamekwisha kujipanga kuwasubiri. Mwaka 1797 mabaharia waligoma kule Spithead, mahali pa kutia nanga karibu na Portsmouth, kwa nidhamu kubwa, wakidai nyongeza ya mshahara ambao haukuwa umepandishwa kwa zaidi ya miaka 130. Hao si watu wasiojua thamani ya fedha.

Wanaoutetea msemo huu hudai kwamba ni urithi wa lugha, na kwamba mabaharia wengine hujivunia sifa ya ukali na matusi. Sipingi urithi. Waingereza husema pia kwamba mlevi ni chombo ambacho demani zake tatu, yaani kamba za kukazia tanga, zimeachiwa upepo. Huo ni msemo mzuri, umechotwa kwenye ujuzi wa kazi na haumtukani mtu. Huu wa fedha, kinyume chake, unalitukana kundi zima la wafanyakazi.

Tena hauwafai hata mabaharia wa leo. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika mwaka 2013, unataka mshahara ulipwe angalau kila mwezi, na baharia awezeshwe kupeleka sehemu yake kwa familia. Anayeona msemo huu bado unafaa atueleze: ni baharia yupi anayekusudiwa, huyu anayesomesha watoto wake akiwa bahari ya mbali, au yule aliyenyweshwa ramu na serikali yake?